Mkweme Dume

Siku ya tatu ya msiba wa dada yangu Mwajuma, pale pale nyumbani kwake Saltley, huku Uingereza, nilikuwa jikoni nakaanga kitunguu cha pilau. Sebuleni walikuwa wamekaa wanawake waliotoka mtaa wa Ladywood, na mmoja wao, mgeni kwangu, akasema kwa sauti ya huruma, "Maskini, na wala hakubahatika kuzaa." Mlango ulikuwa wazi, na kitunguu kilikuwa kimefika pale ambapo ukigeuza shingo tu kinaungua. Niligeuza shingo. Kikaungua. Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye ndevu za kupishwa na watoto njiani, nikabaki nimeshika mwiko kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu ujana wangu. Tatizo ni kwamba mimi maneno hunijia wageni wakishaanza kutafuta viatu vyao, na siku ile hayakubadili tabia. Walipovaa viatu, nikawafungulia mlango, nikawashukuru kwa kuja, nikarudi kusugua sufuria.

Sufuria yenyewe ilikuwa ile ile ya zamani. Dada hakuwa mtu wa kutupa vyombo. Ilikuwa na mpini uliofungwa waya, waya nilioufunga mimi mwaka nilipokuja kukaa kwake, na nadhani ndiyo kazi pekee ya ufundi niliyoifanya katika mji huu ikadumu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuja mwezi wa kwanza, baridi ikiwa imekaza, kwa ajili ya kozi ya umeme wa majumbani, na mkononi nina cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hatutazitaja hapa. Kozi niliihudhuria mpaka wiki ya saba. Nilitoka nayo na koleo moja, bisibisi moja yenye taa, na imani thabiti kwamba nje ya nyumba hakuna kitu ninachokihitaji. Nyumba ilikuwa nyembamba, imebanwa kati ya nyumba nyingine kama kitabu kwenye rafu: sebule mbele, jiko nyuma, ngazi za mwinuko mkali, na vyumba viwili juu. Niliipenda kupita kiasi. Nilijua ni kidato gani cha ngazi kinacholia na ni dirisha gani linaloingiza upepo. Shemeji Rajabu, mume wa dada, aliyekuwa akipakia matairi kwenye bohari, alikuwa akirudi jioni ananikuta nilipokuwa asubuhi, na anasema, "Athumani, leo umesafiri mpaka wapi? Umefika bafuni?" Dada naye anamalizia kutoka jikoni: "Muache. Jua la huku lenyewe linatoka mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili linamkuta kalala."

Mtu wa tatu kunicheka alikuwa jirani wa upande wa kulia, Mama Surjit, Singasinga aliyezaliwa na kukulia Kisumu, mjane, mfupi, na mwenye Kiswahili chake cha Kihindi ambacho hakuruhusu mtu yeyote akirekebishe. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la vioo lenye hita ya mafuta ya taa, na ndani yake alilima karela chungu, matango, na mamumunye yaliyokuwa yakining'inia kwenye kamba kama soksi za jitu. Alikuwa akinigongea ukuta na kijiko. "Wewe kijana! Jua natoka, wewe nalala. Jua naingia, wewe nalala. Iko nini huko kitandani, dhahabu? Kuja nisaidie." Ukuta wa vyumba vyetu ulikuwa mwembamba, huwezi kujifanya hujasikia. Ndivyo nilivyopata kazi: kumwagilia maji mimea ya Mama Surjit, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jiko letu. Kwa mtu wa aina yangu ilikuwa safari.

Humo bandani ndimo nilimokuta mkweme. Nilishangaa kama mtu aliyekutana na shangazi yake kwenye foleni ya posta. Kwa msomaji ambaye hakukulia milimani kwetu Upareni, mkweme ni mmea wa jamii ya mamumunye na maboga, unaotambaa na kupanda miti mirefu ya msituni mpaka kileleni, na matunda yake ni makubwa kama mtungi, yana mbavu kuanzia juu mpaka chini, na ndani yamejaa mbegu bapa zilizovikwa nyuzi nyuzi kama wavu. Hizo mbegu ndizo kweme. Huchomwa, humenywa, hupondwa kwenye ndizi au uji, na hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua ili nguvu zimrudie na maziwa yashuke. Kwetu hakuna uzazi bila kweme. Mtu mwingine akizila ovyo huonekana mlafi, kama anayekula dawa ya mgonjwa. Siku hizi hata kule zimeanza kuwa adimu, maana miti ya kupandia inakatwa. Na huu hapa mmoja, Saltley, majani yake yamechanika kama vidole vya mkono, umejaa upande mzima wa banda na sasa unatafuta pa kutokea kwenye paa.

Mama yetu ndiye aliyezituma mbegu, mfuko mmoja, mikononi mwa msafiri, dada alipopata mimba yake ya kwanza. Mimba ile ilitoka. Kweme zikafungiwa kwenye kopo la biskuti. Mama Surjit aliziona siku alipokuja kumpa pole, akaomba moja, si kwa kula bali kwa udadisi wa mkulima, akaipanda. Mimba ya pili ikatoka. Mbegu ikaota. Nilipofika mimi, mkweme ulikuwa umevuka baridi moja pembeni ya hita, na mwezi wa nne ikajulikana dada ana mimba ya tatu.

Nikumbuke vizuri jambo moja, kwa sababu ndilo lililozaa mengine. Kufikia mwezi wa sita wa mwaka ule daktari alikuwa amemwamuru dada alale, asipande ngazi, asibebe hata ndoo. Tukahamisha kitanda chake, tukakiweka chini ya dirisha la chumba cha nyuma, na kutoka pale alikuwa akiliona banda lote la Mama Surjit kwa chini, vioo vyake na kijani kilichomo. Mimi nikawa mpishi. Nilimpelekea chai ya tangawizi, mkate wa kukaanga na yai, mihogo ya kuchemsha niliyoinunua Alum Rock Road nikiwa nimevaa makoti mawili katika kiangazi. Adhuhuri moja nikiwa kwenye ngazi na sinia, nilimsikia akimwambia shemeji kwa sauti ya chini, "Mkweme ule ukizaa, na mimi nitazaa."

"Mwaju, usiseme hivyo. Hayo si maneno ya kusema."

"Nimesema tu."

Nikasimama kwenye kile kidato kinacholia, mguu mmoja juu, mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka kumwagilia maji alikuwa akiuliza, "Umetoa maua?" na mimi nikijibu, "Bado."

Mama Surjit, hapo hapo, alikuwa ameshaanza kunisomesha. Alinionyesha ua la mumunye lenye kibumba kidogo chini yake. "Ona hii. Iko na mtoto nyuma. Kabla ya harusi iko na mtoto tayari! Hii jike." Halafu akashika jingine, zuri zaidi, lililosimama juu ya kijiti kitupu. "Na hii mguu tu. Maringo tu, kazi hapana. Dume. Kama wewe." Akachuma lile dume, akalipangusia kwenye lile jike kama anayempaka mtoto poda, akasema wiki ijayo patakuwa na mumunye. Mamumunye hubeba maua ya aina zote mbili kwenye mmea mmoja. Mkweme hauko hivyo. Mkweme mmoja ni jike, mwingine ni dume, na hakuna ajuaye mpaka siku ya maua. Hilo hata mimi mwenye cheti kile nililijua. Kwetu huachwa dume moja pembeni ya shamba; mengine yakishajulikana hung'olewa.

Mwezi wa nane maua yakatoka. Yalitoka kwa vichala, rangi ya zambarau iliyopauka, kingo zake zimechanika chanika kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Nilipanda ndoo nikatazama nyuma ya kila moja. Vijiti vitupu. Nikageuza cha pili na cha tatu, nikaenda mpaka mwisho wa mmea, nikawa natazama kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, kazi ambayo nilikuwa na uzoefu nayo. Dume tupu. Nikayachuma yote, nikayatia mfukoni. Nikarudi ndani.

"Umetoa?"

"Bado."

Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa siku nyingi. Shemeji alikuta maua yaliyonyauka kwenye mashine ya kufulia, yamegandamana na soksi zake, akaniuliza kama nimepata mchumba. Mama Surjit naye alinikamata nimesimama juu ya ndoo yake, mikono imejaa. Hakunicheka. Alitazama maua, akatazama juu kwenye dirisha, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa anafuma kisweta cha mtoto cha sufu nyekundu, na mpira wa sufu ulikuwa mapajani mwake.

"Yeye natazama hii?"

"Kila siku."

Akavuta sufu kutoka kwenye mpira. Kisha akakata kipande cha sufu kwa meno, akanyoosha kidole kwenye mumunye changa lenye ukubwa wa kidole gumba. "Funga ile. Kule juu. Mbali na kioo kidogo."

Ndivyo tulivyofanya, watu wazima wawili, mmoja mwenye umri wa kuwa bibi yangu. Nilifunga mumunye kwenye mkweme kwa uzi mwekundu, mafundo matatu, majani tukayapanga kulificha nusu. Nilikuwa sijafika hata mlango wa jiko niliposikia dada anagonga kioo kwa pete yake. "Athu! Athu, njoo uone! Umezaa!" Alikuwa amekaa, jambo aliloambiwa asifanye, na uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikuwahi kuiona tangu nifike. Alinituma kadi ya simu, akaikwangua kwa sarafu, akampigia mama, na mimi nikiwa nimeegemea mlango nikasikia sauti ya mama ikipasuka kutoka Upareni, "Mkweme? Uingereza? Mwanangu, Mungu mkubwa!" Wakacheka wote wawili mpaka kadi ikaisha.

Uongo wa namna ile unahitaji kulelewa. Mumunye likikatwa halikui, hunyauka, na tunda lisilokua lingezua maswali. Kwa hiyo kila Jumamosi, dada akiwa anaoga, Mama Surjit alikata mumunye jingine kubwa kidogo kuliko lililopita, na mimi nikapanda ndoo na kulibadilisha. Mtoto wetu wa bandani alikua vizuri ajabu. Mama Surjit alikuwa akijisifu, "Mimi nalea vizuri kuliko hospitali," halafu anajishika mdomo na kugusa mbao ya kiti. Nilikuwa na furaha mwaka ule, siwezi kukataa. Nimewahi kujiuliza kama furaha ile ilikuwa dhambi. Nadhani ilikuwa ujinga tu, na ujinga ndio kitu nilichokuwa nacho kwa wingi.

Mtoto alikuja mwezi wa tisa wa mwaka ule ule, mimba ikiwa haijatimiza wakati wake, Alhamisi asubuhi. Alikuwa wa kiume. Walimwita Hamza. Niliingizwa kumwona mara moja, nikiwa nimevishwa aproni ya karatasi, na kitu nilichokitazama ni kucha zake, kwa sababu zilikuwa zimekamilika, zimekatwa vizuri kama za mtu anayekwenda harusini, na sikuelewa inawezekanaje mtu awe na kucha kama zile halafu mapafu yake yawe hayajajua kazi. Alinishika kidole. Wanasema wote hushika, hata wasiojua. Alikufa Ijumaa mchana. Shemeji alikaa kiti cha mbele cha gari lililotupeleka makaburini, sanduku likiwa mapajani mwake, na kila tulipofika kwenye kona alilikumbatia kana kwamba huyo aliyemo angeweza kushtuka.

Kisha wakaja watu, na msemaji wao alikuwa Bi Rukia, Mzanzibari aliyekuwa akiheshimiwa na wote kwa sababu aliwahi kuosha maiti na kuozesha mabinti wa nusu ya mji. Alikuwa mwema. Nataka hilo lieleweke. Alinivuta jikoni akaniambia, "Sikiliza baba. Kila kitu cha mtoto kifiche. Nguo, blanketi, kila kitu. Jina msilitaje. Na chochote cha kuleta maziwa asile, yatamtesa. Mfungeni matiti kwa majani ya kabichi, maziwa yatakauka. Akiona kwamba hakuna kitu, atasahau." Nikafanya kama nilivyoambiwa, utii ndio kipaji cha mtu wa kukaa ndani. Kisweta chekundu nilikifungia sandukuni kwangu. Kopo la kweme nililificha nyuma ya unga. Shemeji alinunua kabichi mbili, akazibeba kwapani mtaani, na watu wakamsalimia wakidhani anakwenda kupika.

Siku tano dada alilala akielekea ukutani, amelipa dirisha mgongo. Sinia nililopeleka limejaa nililirudisha limejaa. Usiku na mchana khanga zake zililowa kifuani, na mimi nilizifua bila kusema neno, nikiyatoa majani ya kabichi yaliyolegea kama yaliyochemshwa. Wageni walikaa sebuleni wakaongea kuhusu baridi, bei ya vitambulisho, harusi ya fulani. Hakuna aliyesema Hamza. Hata mimi.

Siku ya sita, saa saba mchana, nilikuwa najikaangia yai nikasikia kidato cha ngazi kinalia. Dada alisimama mlangoni mwa jiko, khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, amejishikilia kwenye fremu.

"Kweme ziko wapi?"

"Kweme gani?"

"Athumani."

Hakuwahi kuniita jina langu lote. "Nyuma ya unga," nikasema. "Bi Rukia kasema usizione. Kasema ukila maziwa yatazidi. Na dada, kweme ni za mzazi."

Alinitazama. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. "Na mimi ni nani?" akauliza. "Nimebeba. Nimeumwa uchungu. Nimemshika. Maziwa haya unayoyafua kila siku yametoka wapi? Wote wanakuja hapa wananipa pole kama niliyeibiwa pochi. Hakuna hata mmoja aliyenipa hongera. Athu, mimi si mzazi?"

Yai liliungua. Nimeunguza vitu vingi maishani mwangu kwa kusikiliza watu.

Nilitoa kopo. Kweme zina gamba gumu, na kwetu kuna kisu chake na mkono wake. Mimi nilichukua koleo la kozi ya umeme, nikaziminya moja moja mezani, nyuzi zikiruka hadi kwenye sukari. Nikazichoma kwenye kikaango mpaka mafuta yake yakatoka na jiko likanuka nyumbani, harufu ambayo sikujua kama naikumbuka. Nikazitwanga kwenye kinu cha kitunguu saumu. Nikachemsha ndizi mbichi, nikaziponda, nikachanganya na maziwa. Dada alikaa akinielekeza kwa maneno mawili mawili: punguza moto, ongeza chumvi, koroga wewe. Nilimwekea bakuli mbele yake, na kwa kuwa mtu anayempelekea mzazi chakula ana maneno ya kusema, nikayasema. "Hongera, dada. Pole na uzazi. Hongera kwa Hamza."

"Ahsante," akasema. Akala. Alikula bakuli lote, polepole, kama mtu anayefanya kazi aliyoisubiri muda mrefu. Alipomaliza khanga yake ilikuwa imelowa, na safari hii hakuifunika. Aliyatazama maziwa. "Yake haya," akasema. "Yatakauka yakitaka yenyewe."

Nikasimama kutoa bakuli. Akasema, bila kuinua uso, "Na lile mumunye lenu kalitoeni. Linaoza."

Nikarudisha bakuli mezani.

"Tunda la mkweme lina mbavu, Athu. Tangu lini likawa nyororo kama upara wa shemeji yako?"

"Ulijua?"

"Siku ile ile."

"Sasa mama ulimpigia wa nini?"

Alikusanya nyuzi za kweme mezani. Kisha akasema, "Nilitaka siku moja niwe na habari njema ya kumwambia mtu," na akaanza kucheka, akanionyesha kwa kidole, mimi na koleo langu, akacheka mpaka kicheko kikageuka, nami nikakaa sakafuni karibu na miguu yake kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa.

Mumunye nililitoa jioni hiyo. Mama Surjit alileta jembe dogo, akamuuliza dada kupitia ukuta wa bustani kama aung'oe mkweme, maana ni dume na unamlia mafuta ya taa. Dada alikataa. Akasema uachwe utoe maua yake. Ukaachwa, ukayatoa, na sikuyachuma tena. Baridi ya mwaka uliofuata hita iliharibika na asubuhi moja tukaukuta mweusi. Dada hakupata mimba nyingine. Kisweta nilimrudishia, akakiweka kwenye droo ya juu, pamoja na pasipoti. Mama Surjit aliendelea kuniita Mkweme Dume mpaka alipokufa, na sikuona ubaya wake.

Arobaini ya dada wanawake wa Ladywood walirudi. Nilipika mimi. Yule mgeni wa siku ya tatu alikuja jikoni na sahani yake, mtu mchangamfu tu, hana baya. "Kumbe kaka ndiye mpishi! Nani kakufundisha?"

"Marehemu," nikasema. "Nilianzia chakula chake cha uzazi."

Kijiko chake kikasimama. "Alizaa?"

"Wa kiume. Anaitwa Hamza."

Aliweka sahani mezani, akapangusa mikono kwenye mtandio wake, akanipa mkono. Sikumwambia zaidi. Nilichukua sahani yake, nikamwongezea wali.